Kitabu cha Kufungia Maandazi

Mwalimu Eliud alikiua kitabu changu kwa maneno machache tu, mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa wakinywa chai, na mimi nikacheka pamoja nao. Hilo la kucheka ndilo sijajisamehe.

Sisi ni wasomaji wa Mbugani. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana nyuma ya duka la Veronika, anayeuza madaftari na kalamu. Kila mmoja anasimama, anataja kitabu anachosoma, anasema kina nini, kisha anamtaja mtu mmoja anayempendekezea. Ukitajwa, unakipokea kwa mikono miwili, na ukikimaliza unakuja kutueleza. Huko nje mtu anaweza kuwa mkulima wa mpunga au mnunuzi wa kakao, lakini pale anapimwa kwa anachosoma, na mpimaji ni Mwalimu Eliud, aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na miwili. Akisema kitabu ni chema, kinazunguka mpaka Matema. Akikunja uso, kimekwisha.

Mimi ni Gideoni. Nilikuwa karani wa ghala bandarini Itungi, na meli zilipoadimika nilibaki na meza, kalamu na muda. Kwa miaka sita niliandika riwaya moja, Gati Tupu, habari za karani ambaye binti yake anazama ziwani. Nikauza ng'ombe, nikaenda Mbeya kuichapisha, na nakala ya kwanza nikampa Mwalimu. Niliitaka sifa yake kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nasema wazi, sina la kuficha.

Jumamosi iliyofuata alisimama nayo mkononi.

"Kitabu hiki," alisema, "nampendekezea Jeni. Karatasi yake ni nzuri, atafungia maandazi."

Jeni anauza maandazi pale pale mlangoni. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Jeni mwenyewe, ambaye hana hila, alidhani amepewa kweli, akakipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo. Baada ya siku nne nilinunua andazi limefungwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Nilisimama barabarani nikausoma wote, mafuta yamepita katikati ya mazishi ya mtoto.

Miaka mitatu ikapita, kisha sukari ikampofusha Mwalimu. Lilianza jicho la kushoto, likafuata la kulia, na kilichobaki ni maji tu, yanamtoka mchana kutwa, anayafuta kwa leso. Mkewe alikwisha kufa, watoto wako Dodoma na simu zao. Jumamosi moja alikuja ameshikwa mkono, akasema hana kitabu cha kupendekeza. Akauliza kama yupo mtu wa kumsomea, walau saa moja kwa siku. Wote wakatazama vikombe vyao.

Mimi nikanyanyua mkono. Veronika alinishika bega, akaniita mtu wa Mungu. Nilikuwa mtu mwenye mpango, basi.

Maana kwa miaka mitatu nilikuwa na hakika ya jambo moja: hakukisoma. Aliyekisoma asingeweza kusema vile. Alifunua kurasa mbili, akaona ni kazi ya karani wa Itungi, akaitupa. Basi ningemsomea Gati Tupu ile ile bila kumwambia, na siku akiisifu ningemvua nguo mbele ya wasomaji wote.

Nilikaa siku mbili na kalamu nyekundu. Itungi nikaigeuza bandari ya mto huko Brazili, kwa kuwa Brazili nako wanalima kakao na sikutaka kufuta kakao zangu kitabuni. Karani Anyitike akawa Antonio. Mtoto Tulinagwe akawa Tereza. Nikakifunika kitabu kwa karatasi ya kalenda, nikamwambia Mwalimu ni riwaya ya Mbrazili iliyotafsiriwa Nairobi, na jina la mwandishi nikalitunga papo hapo.

"Kumbe Wabrazili nao wamo," alisema. "Haya, soma, mwanangu."

Nilimsomea wiki tano, kila alasiri, barazani kwake, kakao zake zimeanikwa uani mbele yetu. Mvua ikinyemelea nilifunga kitabu, nikaziingiza ndani mwenyewe, kisha nikarudi kusoma. Siku ya pili tu aliomba nirudie pale mke wa Antonio anapokutana na baba mkwe njiani. Nilirudia kwa furaha. Na nilipofika kwenye mazishi ya Tereza, ule ukurasa wa maandazi, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Huyu mtu anaijua huzuni," alisema.

Siku hiyo nilirudi nyumbani naimba. Sifa niliyoililia miaka yote nilikuwa nayo mkononi, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilitukanwa hadharani, nikataka kulipwa hadharani.

Jumamosi nilimshika mkono mwenyewe, nikampeleka kwa Veronika. Zamu yake ilipofika akasimama, uso ameuelekeza ukutani, mahali pasipo na mtu.

"Kitabu kilichonishika mwaka huu ni hiki cha Mbrazili anachonisomea Gideoni," alisema. "Nampendekezea kila aliyeko hapa."

"Rudia, Mwalimu," nikasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Nikaichana karatasi ya kalenda polepole, nikalionyesha jalada. Veronika akalisoma kwa sauti kabla hajaelewa anasoma nini: Gati Tupu.

"Hakuna Mbrazili," nikasema. "Ni kile cha kufungia maandazi. Ulikihukumu bila kukisoma, na leo umekisifu mara mbili mbele ya mashahidi. Sasa waambie hawa, wakati macho yako yanaona, yalikuwa yanaona nini?"

Maneno hayo niliyafanyia mazoezi wiki nzima. Hakuna aliyecheka. Jeni, mlangoni na beseni lake, alinitazama kisha akageuza uso.

Mwalimu alikuwa anapapasa kiti chake. Alipokipata alikaa, akafuta macho.

"Nilijua tangu siku ya pili," alisema. "Mke wa Antonio anamwona baba mkwe anakuja, anachepuka njia, anachuchumaa majanini mpaka mzee apite. Mbrazili gani anamkwepa mkwe hivyo? Hayo ni ya kwetu Wanyakyusa. Umeyazoea, ndiyo maana hukuyaona ili uyafute."

"Wake wa huku wote wanawakwepa wakwe," nikasema. "Ulijuaje ni changu?"

"Kwa sababu nilikisoma, Gideoni. Nilikisoma mara mbili mwaka ule ule. Nilijua umeuza ng'ombe, nikatafuta walau jambo moja la kusifu mbele ya watu. Sikulipata. Nikaona heri watu wacheke upesi yaishe."

"Sasa mbona umekisifu leo?"

"Nilipoomba msomaji, ulijitokeza peke yako. Kipofu akimuudhi anayemsomea, atasomewa na nani? Ungenisomea hata kalenda, ningesifu kalenda."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikunyamaza.

"Na machozi, Mwalimu? Siku ya mazishi?"

"Macho haya yanatoka maji yenyewe," alisema, akainua leso watu waione. "Kutwa. Hata sasa yanatoka."

Nikatoka. Kitabu nilikiacha kwenye benchi, na sijui nani alikichukua.

Kazi ya kumsomea hakuna aliyeishika. Veronika ana duka, wengine wana palizi, kila mtu ana sababu yake na zote ni za kweli. Najua kwa kuwa njia ya shamba langu inapita mbele ya baraza la Mwalimu. Jumatatu asubuhi alikuwa amekaa pale, leso mkononi, kiti changu bado kiko kando yake. Akasikia nyayo.

"Gideoni? Ugonile," alinisalimu. "Njoo ukae. Lete chochote, hata hicho hicho. Tumebakiza sura mbili."

Nikachepuka njia, nikachuchumaa majanini kama yule mwanamke niliyemwandika, nikasubiri. Kule kitabuni mzee anapita zake na mwanamke anaendelea na safari. Mzee huyu wangu hakuwa anakwenda popote. Aliendelea kugeuza sikio huku na huku akiliita jina langu, nami nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.