Nani Amewahi Kukuomba?

Jumamosi nyumbani kwa Daktari Abigael Adome, pale Lodwar, mgeni angedhani kuna harusi. Viatu vimejaa mlangoni mpaka paka anakosa pa kupita. Huyu kaja na shida ya karo, yule kaja kuonyesha mguu uliovimba, mwingine hana shida yoyote, amesikia tu chai inachemka. Shangazi Akeno, dada ya marehemu baba yake Daktari, hukaa karibu na jiko, na kila Daktari akipita humnyooshea kiganja.

"Nakinae etaba."

Nipe tumbaku. Si kwamba hana. Anayo tele, ameifunga kwenye pindo la shuka. Lakini kwa Waturkana kuombwa ni heshima. Mtu haombwi kwa sababu anacho, huombwa kwa sababu ni mtu. Yule asiyeombwa na yeyote amekwisha kufa, ila hajaambiwa tu.

Basi Jumamosi moja Nanok, binamu yake Daktari, mwenye gari la kukodi na mdomo unaoshinda redio, alinywa chai yake, akafuta ndevu, akasema:

"Dakitari, hii kiti ya profesa, si ulisema uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Basi hesabu tena. Nyaboth ameingia."

"Nyaboth gani?"

"Aa! Kwani tuko na wangapi? Huyu wako. Huyu mrefu wa Kakuma."

Mwenye mguu uliovimba aliacha kuugulia. Daktari aliendelea kumimina chai, akamimina, mpaka ikafurika kwenye sahani na kumchoma vidole.

Chuo alikofundisha kilikuwa kimeanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa usimamizi kaskazini hii yote, na Daktari alikuwa amekikalia moyoni kabla hakijachongwa. Alikistahili, wallahi. Alianza ukarani Lokichoggio akiwa msichana, enzi za ndege za misaada. Huko alimwona mkurugenzi mmoja ambaye mshahara wake ungenunua zizi zima la ngamia, naye akashinda wiki nzima amenuna kwa kuwa mkurugenzi wa ng'ambo ya ua alikuwa anapata zaidi. Swali hilo Abigael alilibeba kama mtoto mgongoni, shahada moja hadi nyingine: hawa wakubwa wanalipwa nini, na ni nini hasa kinachowasukuma kufanya kazi? Jibu lake wanafunzi wake walilijua kwa moyo. "Bosi hali mshahara wake. Anakula tofauti kati ya wake na wa jirani. Mwonyeshe anacholipwa mwenzake, umemharibia usingizi."

Tangu Jumamosi ile usingizi wake mwenyewe ukaharibika, wala hakujiuliza kwa nini.

Nyaboth Lony! Msichana aliyemtoa mwenyewe kwenye kambi ya wakimbizi, Mnuer wa Sudan Kusini aliyemtafsiria walipokuwa wakienda kuwahoji wakuu wa mashirika na matajiri wa soko la Kakuma. Alimlaza chumba cha nyuma, msichana akala chungu kimoja na watoto wa nyumba. Na muda wote huo, hili ndilo lililomkaa Daktari kooni kama mwiba wa samaki, Nyaboth hakumwomba kitu. Si chumvi, si nauli. Sabuni ikimwishia anafua kwa maji matupu, kimya, shingo imenyooka.

"Yule ana kiburi," Daktari alimwambia shangazi siku zile. "Mtu asiyekuomba kitu, anakuona wewe nani?"

"Hakuoni," alijibu shangazi.

Kisha msichana akapata ufadhili, akaenda ng'ambo, akarudi na udaktari wake na viatu vya ngozi laini visivyoogopa vumbi. Redio inamhoji yeye. Picha yake na wavuvi wa Kerio imezunguka kwenye simu za mji mzima, na walimu wenzake Daktari wanaipenda mbele ya macho yake bila haya. Kila alipoiona, Daktari aliikuza kwa vidole viwili, atafute kasoro. Hakuipata. Hilo lilimuuma kuliko kama angeipata.

Kila mwombaji wa kiti alitakiwa kutoa mhadhara wa wazi mbele ya jopo. Daktari alitoa wake Lodwar, watu wakapiga makofi ya kutosha. Wa Nyaboth ukapangwa ukumbi wa chuo kule Kakuma.

"Nanok, tia mafuta," alisema Daktari. "Tunakwenda kusikiliza."

"Kusikiliza ama kusumbua?"

"Wewe endesha."

Akajaza gari: Shangazi Akeno kiti cha mbele, jamaa wengine nyuma wamebanana kama kuni. Alitaka nyuso zake ukumbini. Jopo lione nani ana watu.

Ukumbi ulifurika. Vijana wa kambini walikaa hadi madirishani, na wafanyabiashara wa Kisomali waliketi na wakuu wa mashirika. Nyaboth alisimama na chupa yake ya maji, hakufungua karatasi.

"Nilitumwa kuuliza wakubwa wanataka mshahara gani," alianza. "Meneja mmoja hapa Kakuma aliongezewa, akakataa. Nikadhani ana wazimu. Akaniambia, dada, jamaa wakijua nimeongezewa, watakuja. Mwingine akasema niongezeeni, na mtangaze redioni, nataka waje. Mshahara ni ule ule, ila mmoja anaukimbia na mwingine anaufuata. Kwa hiyo tukipanga malipo ya bosi wa huku kwa vitabu vya mbali, tunapima maji kwa chujio. Bosi wa huku tumuulize kwanza: nani anakuomba, na unajisikiaje ukiombwa?"

Watu wakacheka, wakapigana viwiko. Kila mmoja alimjua bosi wake.

"Hata Lodwar," akaendelea, sauti imelegea kidogo, "niliishi na mama mmoja, mwalimu wangu. Kila akipanda cheo, viatu mlangoni vinaongezeka. Sijaona mtu mwenye raha kama ile. Nilijifunza kwake."

Jamaa wakamgeukia Daktari wakitabasamu. Yeye damu ilimpanda hadi masikioni. Zile Jumamosi alizozipika yeye, mwenzake amekuja kuzipakua kwenye sahani yake, zikaliwa na jopo! Tena zilikuwa tamu. Jibu lake la miaka yote lilikuwa limeishia kwenye ua wa jirani, na huyu msichana ameruka ua. Mbona jibu hili hakuliona yeye, aliyelala ndani yake?

Wakati wa maswali ulipofika alikuwa ameshasimama.

"Daktari Nyaboth, mimi nina swali dogo." Sauti yake ilikuwa ya asali, na Nanok, aliyeijua, alishusha kichwa. "Umeongea vizuri juu ya kuombwa. Wewe uliyekaa kwangu bila kuomba hata chumvi. Utajuaje kuombwa? Hebu tuambie hapa mbele ya watu. Nani amewahi kukuomba kitu, wewe?"

Ukumbi ukavuta pumzi. "Uuuu!" wakafanya vijana wa dirishani. Mwenyekiti wa jopo akashika kalamu. Daktari aliona, kwa mara ya kwanza, ile shingo imeinama kidogo, na moyo wake ukanywa maji.

Ndipo Shangazi Akeno alipoinuka kutoka safu ya mbele. Shanga zake zikalia. Akatembea polepole hadi kwa Nyaboth, akanyoosha kiganja.

"Nakinae etaba."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko na makofi, mwenyekiti akicheka mpaka akavua miwani.

"Tumbaku sina, mama," Nyaboth alisema, macho yamelowa. "Nina haya maji."

"Lete. Tumbaku ni kesho."

Na akachukua chupa.

Njiani kurudi, vichaka vya miiba ya mathenge vilikimbia pembeni. Shangazi alikuwa akinywa maji yake kidogo kidogo.

"Shangazi," Daktari alisema mwishowe, "umenifanya nini?"

"Mimi? Si uliuliza nani amemwomba? Nikaona aibu. Mtoto asimame mbele ya watu hivyo, hajaombwa! Nikasaidia swali yako."

Nanok alikohoa kikohozi kirefu kisicho cha mafua.

Kiti alipewa Nyaboth. Akahamia Lodwar, nyumba ya chuo, upande wa pili wa mji. Jumamosi iliyofuata Daktari alichemsha sufuria kubwa kama kawaida. Mlangoni palikuwa na jozi mbili za ndara, zote za watoto wake. Paka alipita, akarudi, akapita tena, kama anayemtania.

Alasiri mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Nyaboth, kitambaa kimemfunika mpaka machoni, anahema.

"Daktari, nifungulie. Wamejaa kwangu."

"Akina nani?"

"Wote. Shangazi yako amelala kwenye kitanda changu."

Kitandani! Hapa alikuwa akikaa chini, karibu na jiko. Wivu ulimchoma Daktari upya, mahali pale pale.

"Si uliandika habari zao? Wapokee."

"Kuandika si kuombwa. Nikimpa mmoja, anakuja na wawili. Naona haya kukataa, naona haya kutoa."

"Unaona haya! Na hapa ulikaa hukuniomba hata chumvi."

Nyaboth aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, vile viatu vya ngozi laini vimejaa vumbi.

"Mimi nimelelewa kwenye foleni, Daktari. Jua kichwani, bakuli mkononi, mtu anakupimia. Niliapa nikitoka kule sitamnyooshea mtu mkono tena. Kwako hasa. Nilidhani nakuheshimu."

"Nami nilidhani unanidharau."

Sufuria ilitokota. Ng'ambo ya mji, bila shaka, watu walikuwa wakicheka bila wao. Nyaboth alikitazama kiganja chake kama kitu cha kuazima, kisha akakinyoosha, taratibu, mpaka mbele ya Daktari.

"Nakinae," alisema, akilitamka vibaya. "Nakinae chai."

Wivu haukutoka. Kiti kilikuwa bado ni cha Nyaboth, na hata vikiwa na vumbi viatu vile vilikuwa vizuri. Lakini mkono huo ulikuwa wa profesa, na ulikuwa umenyooshwa kwake. Daktari aliuacha hewani kidogo, auone vizuri. Kisha akachukua kikombe, si kile kikubwa, akamimina.

Nyaboth alionja, akakunja uso. "Haina sukari."

"Ndiyo," alisema Daktari, na kuketi mbele yake. "Sukari uombe tena."