Deraya ya Sponji

Kila asubuhi, nikishapiga mswaki, hukaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi nikisugua deraya yangu kwa msasa laini. Siku ile nilikuwa nimefika kwenye bega la kulia dada yangu alipoingia bila kubisha hodi, rola za nywele kichwani.

"Inuka, mdogo wangu. Mpiga picha amesogeza siku. Ni leo."

"Ulisema Jumamosi. Rangi ya goti haijakauka."

"Goti nani analiangalia?"

Deraya ni ya Mlinzi wa Lango, mhusika wa mchezo wa kompyuta ninaoucheza tangu nikiwa chuoni. Haongei. Havui kofia yake ya chuma, yenye kovu la upanga upande mmoja, hata mara moja, kwa hiyo hakuna anayeujua uso wake. Mkono wake wa kushoto ulikufa vitani. Mkuki anaushika kwa wa kulia. Mimi dukani huonyesha kitu kwa kidole ili nisiongee, na yeye ndiye niliyempenda. Nilikata sponji za mikeka ya mazoezi, nikazikunja kwa joto la pasi, nikaziunganisha kwa gundi ya viatu. Miezi saba. Nilitaka picha moja tu nikiwa ndani yake, niiweke kwenye ukurasa wa wachezaji, ambako watu elfu nne wasioijua sura yangu huniuliza kila wiki deraya imefikia wapi.

Dada aliiona ikining'inia mlangoni, akasema, "Hii lazima niivae nipigwe picha." Nikajibu, "Sawa." Kwa miezi miwili nilikuwa nikilijutia neno hilo.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Mpiga picha alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba na skafu shingoni, jasho likimtiririka.

"Mimi sipigi picha," alitutangazia. "Mimi nachora kwa mwanga." Kisha akatumia robo saa kutafuta swichi. "Na huyu nani?"

"Mdogo wangu. Ndiye aliyetengeneza."

"Aa, fundi! Fundi, shika taa."

Nikaishika. Dada akajibana ndani ya deraya huku akiguna. "Mabega haya ulimpimia nani, mtoto wewe?" Akasimama mbele ya pazia la kijivu lililojaa mikunjo, akauinua mkuki juu kwa madaha. Kwa mkono wa kushoto.

"Dada, mkono huo umekufa."

"Umekufaje na mimi mzima?"

Walicheka wote wawili. Nilielewa alivyokosea: wiki nzima alikuwa amesimama mbele ya picha ya Mlinzi kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mkono wenye mkuki kwenye picha ulikuwa upande wake wa kushoto, naye akainua wa kushoto. Wiki nzima, na hakushtuka. Mchezo wenyewe hajawahi kuufungua. Aliwahi kuniuliza kama Mlinzi ni mwanamke au ni roboti, na kabla sijajibu alikuwa ameshahamia kwenye habari za kucha.

"Usijali," mpiga picha akasema. "Nitaigeuza picha kwenye kompyuta, kushoto iwe kulia."

"Ukiigeuza, kovu la kofia nalo litahamia upande mwingine."

"Fundi, nani atahesabu makovu?"

Watu elfu nne, nilisema moyoni. Nilimdharau yule bwana kwa adabu zote, nikiwa nimemshikia taa yake. Nilidharau skafu yake, na namna alivyopiga magoti kana kwamba sakafu imemwomba. Alipiga picha sitini za dada, na katika zote sitini Mlinzi wangu alibinua kiuno kama anayetangaza sabuni.

Ikabaki kofia. Dada akaivaa, akaivua hapo hapo.

"Nimekaa saa mbili nikijipamba. Uso wote huu nikaufukie humu?"

"Haufukiwi," mpiga picha akasema. Akatoa kisu cha kukatia karatasi, akausukuma wembe wake nje, tik-tik-tik. "Tunakata hapa mbele. Kidirisha kidogo tu."

"Enhe! Ndiyo maana nakupenda, kaka."

Nikamtazama dada. Poda ilikuwa imeanza kufanya michirizi shavuni, na alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Hakuwa na ubaya nami. Hakuwahi tu kufikiri kwamba kuna cha kuuliza. Nikamwonea huruma, na nikaitambua huruma ile: ndiyo iliyokuwa ikinifumba mdomo kila mara.

Ncha ya kisu ikagusa sponji. Nikasogea mbele na taa mkononi.

"Fundi, tulia basi!"

Nikaiweka taa chini. Kivuli kikameza nusu ya pazia.

"Usikate," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema usikate. Weka kisu chini." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikamgeukia dada, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ananitazama mimi. "Dada, nilikwambia sawa, na sikumaanisha. Nilijitengenezea mwenyewe. Nilitaka kuivaa mimi, nipigwe picha mimi. Naomba uivue."