Nyumba ya Anselma Yashuka Mtaa wa Chini

Kijijini Ravin Pwa, mtu akihama habomoi nyumba yake ya mbao. Watu huibeba nzima mabegani, na mwimbaji hutangulia kinyumenyume, uso kwa wabebaji, ili miguu yao iende pamoja. Wimbo ukikatika, nyumba hutuliwa papo hapo, na ndiyo basi.

Mjane Anselma alitaka nyumba yake ishuke Mtaa wa Chini, kwa mchumba wake Evariste. Mwimbaji alikuwa mmoja tu, Leonise, dada wa Anselma, na yeye Mtaa wa Chini hajaukanyaga tangu azaliwe. Mababu walipotoka utumwani, nusu walipanda kilimani, nusu wakabaki ng'ambo ya kijito, na mpaka leo kila upande unaapa kwamba wale wengine hawana adabu.

"Nitaimba hadi darajani," Leonise alisema. "Pale nafunga mdomo. Ukaishi juu ya daraja na huyo mla kaa wako!"

Safari ikaanza. Anselma alikaa ndani, amekumbatia kabati la vyombo, roho mkononi. Dirishani alimwona dada yake akirudi nyuma kwa madaha, akiiimba miguu myembamba ya Evariste, na wabebaji wakiitikia kwa vicheko hadi sahani zikagongana.

Evariste, ng'ambo, uvumilivu ukamshinda. "Leonise ee! Sauti hiyo ndiyo iliyomkimbiza mumeo?"

Angenyamazaje? Bila hata kugeuka, Leonise alimtupia ubeti. Evariste akarudisha. Leonise akamtupia mwingine mkali zaidi, huku akiukoleza mdundo kwa kisigino juu ya mbao za daraja. Mbao za daraja! Anselma alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akacheka hadi machozi. Wabebaji nao waliona, wakazidi kuitikia.

Leonise alinyamaza mgongo wake ulipogonga mshelisheli wa Evariste. Akageuka. Mtaa wote wa Chini ulikuwa ukimpigia makofi.

"Washenzi nyie!" alisema, akijikaza asicheke, akashindwa.

"Tuitue, mama?" mbebaji mmoja aliuliza. "Mabega yanawaka moto."

Leonise alikitazama kilima, akalitafuta paa lake, akaliona.

"Bado. Igeuzeni kwanza. Mlango uangalie kwangu, nikimwita Anselma asubuhi asijifanye hasikii."