Kitabu cha Waliofukuzwa Wexbridge

Mzee Everett Thurlow, mwenye miaka tisini na mmoja, alitaka jambo moja tu kabla hajafa: jina la Mehitabel liongezwe kwenye jiwe la kaburi la ukoo. Huyo ndiye aliyemzaa Amos, na kwa Amos ndiko walikotoka wote, lakini hakuna aliyejua alifia wapi. Jiwe lenyewe ni la Elisha, konstebo wa mji enzi za mfalme wa Uingereza, babu wa kale ambaye Everett alimsifu mpaka majirani wakachoka. Chini ya Elisha alishachonga jina lake mwenyewe, akabakiza tarehe ya kufa.

Kazi ya kutafuta ikamwangukia Nadine, bintiye. Miaka miwili alizunguka ofisi za miji ya Massachusetts, akirudi mikono mitupu. Kumbe jibu lilikuwa hapo hapo kwao Wexbridge. Karani alimtolea daftari asiloliomba mtu, la wageni waliofukuzwa, maana zamani mji ulimtoa kila fukara ambaye haukutaka kumlisha.

Januari 1763. "Nimemtoa Mehitabel, mwanamke mgeni, na kichanga chake Amos, nikawaacha mpakani. Adai mtoto ni wa marehemu mwanangu Josiah. Elisha Thurlow, konstebo."

Nadine alisoma mara tatu. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Elisha aliambiwa, akaandika, na bado akawatoa. Daftari la mji wa jirani lilimalizia kwa ufupi: mama kafa kwa baridi, kazikwa, mtoto kapewa mkulima. Kazikwa wapi, hawakuandika.

Alifikiria kudanganya, lakini mzee alikuwa akimnusa uongo tangu utotoni. Akaketi kando ya kitanda, akamwambia yote, hata lile la kaburi lisilojulikana, kisha akamsomea nakala.

"Rudia aliyetia sahihi," mzee alisema.

Akarudia.

"Mjukuu wake mwenyewe. Na jina lake kaliandika."

Daktari alishasema mzee hataimaliza wiki.

"Usinilaze kwa huyo, mwanangu."

"Baba, jina lako limeshachongwa pale."

"Nilaze alipo Mehitabel, mama yetu."

Alimtazama binti yake kama mtu anayengoja kupelekwa, na Nadine akamfunika blanketi vizuri, kwa sababu hakuna kingine alichoweza.