Nani Ana Ruhusa Leo?

Kwenye meza yetu pale soko la futari la mji wetu, Pasir Mas, mwezi wa Ramadhani, rojo la kuku halionjwi na mtu aliyefunga. Hiyo ni sheria ya mama yangu. Ustadhi alishasema redioni kwamba mpishi akionja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, saumu yake haina neno. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akasema kwa kujitaja jina lake mwenyewe, "Huyo ustadhi hajaonja rojo la Mek Yam. Angelimeza."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mama ana mdomo, hilo simnyimi.

Basi kila alasiri, rojo likishashikana, mama alisimama katikati ya moshi wa vifuu, akainua kijiko cha mbao, akaita kwa ile sauti yake ya kuuzia: "Nani ana ruhusa leo?"

Mwenye ruhusa ni mwanamke aliye kwenye siku zake. Hakuna asiyejua hivyo pale sokoni, na hakuna aliyedhani kwamba mama alikuwa anauliza. Alikuwa anamwita Norizan, mke wa mdogo wangu Rosdi. Miaka saba ya ndoa, Ramadhani saba, na katika kila Ramadhani ilifika siku ambayo Norizan aliacha kugeuza kuku, akafuta mikono, akaja kuonja mbele ya foleni nzima.

"Njoo mkwe wangu, njoo," mama alimwambia mwaka jana. "Umepewa ruhusa tena? Mungu anakupenda kweli, hataki uchoke."

"Mek, mkwe wako ana ulimi, jamani," akasema Mama Senah, anayeuza vikeki vya mayai meza ya pili. "Kijiko kimoja tu anajua tangawizi imepungua."

"Ulimi anao," mama akajibu. "Vingine ndiyo bado tunangoja."

Norizan alionja. Akasema, "Ongeza ukwaju kidogo, mama." Akarudi kwenye makaa. Alisema kweli, ukwaju ulikuwa umepungua.

Sasa niseme langu kabla halijasemwa na mwingine. Mimi ni Kalthum, wananiita Som, nina miaka arobaini na moja, na siku zangu huja kama za mwanamke yeyote. Mama hakuniita hata mara moja. Zikinijia nilijibanza nyuma ya rundo la makumbi, nikala wali wangu na samaki kimya kimya, huku nikisikia Norizan akiitwa. Ningeweza kutoka nikashika kile kijiko mimi. Sikutoka. Mimi niliachwa na mume nikiwa na watoto wawili, nikarudi kulala chumba nilichozaliwa, na huyu hana mtoto na hajaachwa. Niliona si haki. Ndivyo nilivyoona, sina haja ya kujipamba.

Mwaka huu mambo yalikuwa na tarehe. Mama alikuwa amemwona binti wa Mwalimu Deraman kule Machang, mweupe, mpole, ana dada watano na wote wana watoto. Alimtaka awe mke wa pili wa Rosdi. Lakini kulikuwa na kijana mwingine aliyepeleka maneno, na Mwalimu akasema wazi: jibu nalitaka kabla ya Idi, baada ya hapo binti yangu anakwenda kwa huyo mwingine. Rosdi akiulizwa alijibu, "Mimi namsikiliza mama." Miaka thelathini na sita na gari lake mwenyewe, anamsikiliza mama.

Halafu mwezi nane wa Ramadhani, yaani siku ya nane ya mfungo, ukapita, siku ambayo Norizan angeitwa, na Norizan akawa amefunga. Mwezi kumi, amefunga. Mwezi kumi na tano mama aliinua kijiko, akamtazama, akakishusha bila kuita. Siku hizo zote rojo lilienda bila kuonjwa, kwa harufu na mazoea tu. Nyumbani mama alianza kumwekea Norizan kichwa cha samaki wakati wa daku. Aliwahi hata kumwambia, "Usiinue sufuria hiyo, atainua Som."

Norizan alikuwa akitembea polepole kama amebeba trei ya mayai. Usiku nilimsikia akicheka na Rosdi upande wa pili wa ukuta wangu. Sikuwahi kumsikia akicheka katika nyumba ile.

Lakini mama hawezi kuweka chungu kimoja tu jikoni. Mwezi ishirini na nne Mwalimu Deraman alikuwa na futari ya ukoo mzima, na mama akajitolea kupeleka kuku sitini.

"Mama, si tungengoja kwanza?" Rosdi alithubutu.

"Ngoja wewe. Mimba ya siku kumi na sita si mimba, ni chakula kimechelewa kushuka. Hao watu wale kuku wangu kwanza, maneno yatafuata."

Alisema hivyo Norizan akiwa amekaa palepale, akibana kuku kwenye mianzi iliyopasuliwa. Kuku sitini wa kupelekwa kwa mke mwenzake. Aliwabana vizuri wote, akafunga ncha za mianzi, akaanza kuwapanga juu ya makaa. Sikumwona akikosea hata mmoja.

Saa nane na nusu nilimkuta chooni nyuma ya soko. Alikuwa ameinama kwenye ndoo, anafua kikoi chake, na maji yalikuwa mekundu. Alinitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa na siku zangu tangu jana yake, na yeye alijua, maana tunatumia bafu moja.

"Wifi," akasema. "Imeshuka."

"Pole."

"Wifi, zimebaki siku sita. Idi ikifika yule binti anaenda zake. Nitaendelea kukaa kama nimefunga, sitaonekana nikila. Ila leo mama ataita. Rojo la Machang hawezi kuliachia bila kuonjwa. Akiita, toka wewe. Uonje wewe. Leo tu."

"Mama ataniuliza mbona siku zote sijasema."

"Atauliza mara moja. Mimi ameniuliza miaka saba."

Nikamwambia, "Tutaona." Neno hilo ukimwambia mtu anayezama ni sawa na kumwambia kwaheri. Akakamua kikoi, akakivaa kikiwa kibichi, akarudi kwenye moto.

Mimi nilikuwa nimeshatia chumvi kwenye rojo asubuhi, nyumbani, wakati wa kuponda vitunguu na mchaichai. Sokoni tunaongeza tui zito na uwatu, basi. Nikapita nyuma ya makumbi kula chakula changu haraka kabla ya alasiri. Mdomo umejaa wali, nikasikia mama anaita, "Som! Chumvi umetia?"

Ningejibuje? Ukijibu na wali mdomoni sokoni, mwezi wa Ramadhani, hata asiye na masikio atajua. Nikatafuna upesi. Nilipomeza na kutoka, mama alikuwa tayari anapangusa kiganja kwenye kanga yake, akanikata jicho.

"Ulikuwa wapi? Basi, nimeshamaliza mwenyewe."

Sikuuliza amemaliza nini. Nilikuwa nafuta mdomo.

Kisha akainua kijiko. Foleni ilikuwa imefika kwenye meza ya Mama Senah. Rosdi alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari, tayari kupakia. "Leo rojo linaenda kwa watu," mama akasema kwa sauti. "Lazima lionjwe. Nani ana ruhusa?"

Mama akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akanigeukia mimi, maana hakuwa na pengine pa kugeukia.

"Som, wewe je?"

Norizan alikuwa anageuza kuku, mkono umesimama juu ya moto. Mama Senah amenyoosha shingo. Wanawake wa foleni wote macho kwangu. Miaka saba nilikuwa upande wa wanaotazama, na sikujua macho ya watu yana uzito namna ile. Punje ya wali ilikuwa bado imenasa kwenye jino langu.

"Mimi nimefunga, mama," nikasema.

Norizan akaweka kuku chini. Akafuta mikono kwenye kile kikoi kibichi, akaja, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa mama bila kuitwa. Akakichovya. Akaonja, akameza.

Uso wa mama uliporomoka kwanza, nadhani hata yeye alikuwa ameanza kutumaini, halafu ukafunga.

"Kumbe," akasema. "Nimekulisha vichwa vya samaki bure."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka kwa pua. Rosdi alikuwa anatazama matairi ya gari lake.

"Haya, mwenye ruhusa," mama akasema. "Kazi yako basi. Likoje?"

Norizan alilamba midomo polepole. "Tamu, mama," akasema. "Halijapungua kitu. Tena leo umejishinda."

Akarudi kwenye makaa. Tukaanza kupaka. Tulipaka rojo mara tatu kila upande, likawa linachuruzika na kuungua, harufu ya tui na pilipili ikajaa mpaka barabarani. Kuku wale walikuwa wazuri kuwatazama, nawaambia ukweli. Wekundu, wanameremeta, ncha za mabawa zimeungua vile mama anavyopenda.

Mimi nilikuwa na njaa kwa ule wali nilioukatiza. Nikachukua bawa moja lililovunjika, nikapita nalo nyuma ya makumbi, nikaling'ata.

Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya kuzidi kidogo, ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki, ulimi ulijikunja wenyewe. Hapo ndipo nikaelewa mama alimaliza nini. Nilipoinua macho, Norizan alikuwa amesimama kwenye pembe ya makumbi, kibanio mkononi, analitazama bawa na mdomo wangu. Alikuwa amekuja kuchukua makumbi ya kukoleza moto. Akachukua mawili, akaondoka.

Gari lilikuwa bado halijaondoka. Ningeweza kupiga kelele. Tui lilikuwepo, lita nne kwenye ndoo, tungewaosha na kuwapaka upya, na saa ilikuwa kumi na nusu tu. Lakini aliyefunga anajuaje chumvi? Nikasimama pale nikanyonya mfupa, nikasikia mlango wa gari ukifungwa, nikasikia mama akimwambia Rosdi, "Mpe mama wa binti mkono kwanza, usiende kwa baba." Gari likaondoka.

Adhana ya magharibi ilitukuta tumekaa nyuma ya meza, mama, mimi, Norizan na Mama Senah. Mama alikula tende, akanywa maji, akavuta paja alilojibakizia. Alitafuna mara mbili, akatema kwenye jani.

Simu yake ikaanza kulia. Ilikuwa ni Rosdi, na alikuwa akipiga kelele, sote tulisikia.

"Mama, umewapa nini hawa watu? Watoto wanalia, wazee wanakunywa maji tu!" Nyuma yake walikuwa wanacheka, kicheko cha watu wengi mezani. "Bibi wa yule binti ameuliza mbele ya wote, eti, huyu mama anatafuta mkwe au anatafuta mtu wa kumwonjea rojo? Mwalimu amenirudishia mabakuli. Amesema tusijisumbue tena."

Mama akaweka simu chini. Akamgeukia Norizan, na sijawahi kumwona mama akisema polepole vile.

"Ulionja ukaniambia tamu."

"Nilionja," Norizan akasema. "Ilikuwa chumvi tupu. Nikasema tamu."

"Kesho asubuhi unarudi kwa mama yako."

"Sawa. Lakini si mimi peke yangu niliyeonja, mama. Muulize wifi. Alikuwa nyuma ya makumbi na bawa, gari halijaondoka. Na saa tisa alikuwa huko huko na wali. Na jana. Muulize ana ruhusa tangu lini. Muulize miaka saba yote alikuwa nayo wapi."

Mama Senah akasema, "Ala!" na mkono mdomoni, lakini macho yake yalikuwa yanakula.

Mama akanitazama. Sikukana. Ningekanaje, bawa lilikuwa bado chini ya makumbi.

Norizan hakurudi kwao. Rosdi aliporudi na mabakuli yake alisema neno la kwanza la maana tangu azaliwe: "Akienda, nami naenda, na gari naenda nalo." Mama bila gari hauzi hata kuku mmoja. Binti wa Machang akachukuliwa na yule mwingine. Nasikia Norizan bado alilia usiku ule, kwa kile kilichoshuka, na hilo hakuna chumvi inayoweza kulilipa.

Siku zilizobaki mama hakuita tena nani ana ruhusa. Ulimi wa Norizan hakuutaka. Kila alasiri alichovya kijiko, akaninyooshea mimi bila kunitazama, mbele ya foleni, nami nikaonja.

Mwezi ishirini na nane jioni siku zangu zilikwisha, nikatoharika. Alfajiri iliyofuata nilikula daku na mama, sahani moja, tukatia nia pamoja. Alasiri ilipofika rojo likashikana. Mama akachovya kijiko, akaninyooshea.

"Mama," nikasema chini chini, "leo nimefunga. Si tulikula daku wote."

"Najua," akasema.

Kijiko hakikurudi nyuma. Foleni ilikuwa inatazama, Mama Senah ameacha vikeki vyake. Norizan aliinua uso kutoka kwenye makaa, akangoja. Nikaonja. Nikafikiria kutema kama ustadhi alivyosema, lakini mama alikuwa ananitazama koo. Nikameza.

"Chumvi?" akauliza.

"Imetosha, mama."

Norizan akageuza kuku.