Bahasha ya Maiti

Suyun aliiona bahasha nyekundu asubuhi, kabla hajamaliza uji wake wa mchele. Ilichungulia kwenye mfuko wa koti la Ni Peirong, msaidizi wa mwongozaji, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Suyun.

Pale Hengdian, mji wa Kichina wa kupigia picha, kwenye filamu za panga na kanzu ndefu, bahasha nyekundu ya pesa haitolewi ovyo. Anapewa anayeigiza maiti, ili mkosi wa kujilaza kama mfu usimfuate nyumbani. Na Suyun siku hiyo hakutakiwa kufa. Kazi yake ni kuruka badala ya staa, na karatasi ya ratiba ilisema wazi: shujaa anaruka kutoka mnara wa lango, anatua, anakimbia. Sasa nani amemwandalia bahasha ya maiti, na kwa nini?

"Dada Ni, leo nani anakufa?" aliuliza, akijifanya anatania.

Ni aliisukuma bahasha ndani ya mfuko. "Kunywa uji, unapoa."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu. Nenda ukavae wigi."

Jibu gani hilo? Machale yakamcheza. Na alipopita chini ya mnara, akamkuta Fundi Tong, mzee wa waya za kurushia waigizaji, amechuchumaa peke yake. Alikuwa akifungua kipande cha mwisho cha waya wa Suyun, kile kinachoshika mkanda wake mgongoni, na kufunga kingine. Cha zamani alikisokomeza kwenye mfuko wake wa turubai upesi upesi, kama mtu aliyedokoa nyama jikoni.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Nafanya kazi."

"Waya wangu una nini?"

"Wewe ruka, binti. Mambo ya waya niachie mimi." Wala hakumtazama.

Miaka minane alikuwa amemwachia. Tong na wenzake watatu walishika kamba upande wa pili, na uhai wa Suyun ulikaa kwenye viganja vyao. Walikuwa na ishara yao: kabla ya kuruka yeye huuvuta waya mara mbili, na Tong hujibu mara moja. Hakuwahi kumwangusha. Lakini shaka ikishaingia, hata wema huanza kunuka. Mwezi uliopita Suyun alimwambia mwongozaji kwamba Tong amezeeka, mikono inamtetemeka. Alisema kwa nia njema, au ndivyo alivyojiambia. Je, kama maneno yalimfikia mzee? Kama amekaa na kinyongo kimya kimya, na wenzake wanajua, na Ni anajua, na bahasha imeshaandaliwa?

Mchana watu walipokwenda kugawiwa chakula cha boksi, Suyun hakula. Aliufungua ule mfuko wa turubai, akatoa waya wake wa zamani, uliomrusha juu ya mapaa na mianzi bila kumsaliti, akaufunga mahali pake. Ule mpya akauficha mfukoni humo. Kama wamepanga nife, alijisemea, watapanga upya.

Wakaanza na jaribio. Juu ya mnara, mkanda kiunoni na upanga mgongoni, Suyun akauvuta waya mara mbili. Jibu halikuja.

"Simamisha," Tong alisema kutoka chini.

"Nani kasema simamisha?" mwongozaji Kou alifoka kwenye kipaza sauti. "Jua linanikimbia, mzee."

"Likimbie. Huu si waya niliofunga mimi. Mkono wangu unaujua."

Alizipanda ngazi zote za mnara, na magoti yake yale mabovu. Alipofika alikuwa anahema. Akaufungua waya mgongoni mwa Suyun, akaukunja karibu na kulabu, mbele ya macho yake. Nyuzi za chuma zilifumuka. Saba au nane zilikuwa zimeshakatika.

"Niliuona asubuhi," alisema. "Nikautenga niukate. Sikukwambia, kwa sababu mtu akijua waya wake umelika, haruki vizuri."

"Na bahasha?" Suyun aliuliza.

"Bahasha ipi?"

Ni, aliyepanda ngazi nyuma ya mzee, ndiye aliyejibu. "Mwongozaji kabadilisha mwisho jana. Shujaa anaanguka, anafia pale chini. Staa hataki kulala mfu, kwa hiyo utalala wewe. Tuliambiwa tufunge midomo, mashabiki wasijue. Ningekwambia baada ya jaribio. Kwani ulidhani nini?"

Tong aliutazama waya mkononi mwake, akamtazama Suyun, na uso wake ukabadilika.

"Ulidhani ni mimi," alisema taratibu.

Hakungoja jibu. Akatuma uletwe waya mpya, akaufunga, akaukagua mara tatu, kisha akashuka bila neno. Suyun alitamani mzee angemtukana. Aibu ilimwunguza mpaka masikioni.

Kou alisema hana muda wa jaribio jingine, wapige moja kwa moja. Suyun akauvuta waya mara mbili. Kimya. Akangoja, akavuta tena mara mbili. Kimya.

"Ruka," kipaza sauti kiliamuru.

Mtu mwenye akili zake angekataa. Suyun akaruka.

Waya ukampokea, ukamshusha polepole kama yai linavyowekwa kwenye kikapu, mpaka akagusa mawe ya uwanja kifudifudi. Akalala kimya, shavu kwenye vumbi, kamera ikimsogelea. Ndipo waya ukavutwa mgongoni mwake, mara moja, kidogo tu.

Alijitahidi kubaki mfu. Mabega hayakumsikiliza.

"Kata," Kou alisema kwa uchovu. "Maiti analia. Mpandisheni tena."