Tiketi za Jumatano

Gerben Dijkema alikata tiketi tatu za kwenda Ugiriki bila kumuuliza mtu, na ndege ilikuwa inaondoka Jumatano, siku moja kabla ya binti yake kupanda jukwaani. Zilikuwa tiketi za bei ya chini, zile ambazo ukishalipa umelipa. Hazibadilishwi na hela hairudi.

Si kwamba alikurupuka. Gerben alikuwa fundi wa mapaa, na fundi wa mapaa anayekurupuka hafikishi miaka arobaini na minane. Kabla ya kulipa aliingia chooni, akasimama mbele ya kalenda ya siku za kuzaliwa inayoning'inia ukutani, kama ilivyo desturi ya kwao, akapitisha kidole Julai nzima. Mama yake alikuwa anatimiza themanini tarehe ishirini na nne, kwa hiyo warudi ishirini na tatu. Kuanzia tarehe tisa mpaka hapo hakuna aliyezaliwa, si shangazi, si jirani. Akaona mambo safi. Lakini kalenda ya chooni haina Jumatatu wala Alhamisi, haijui ni mwaka gani, na haina habari na shule. Kazi yake ni siku za kuzaliwa tu.

Jumapili, siku kumi kabla ya safari, wakati wa kahawa, aliiweka bahasha mezani mbele ya mkewe.

Tjitske alikuwa muuguzi wa kuzungukia wazee majumbani, kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe. Miaka miwili hakuwa amepumzika sawasawa. Mwezi wa nne alishindwa kufungua kifuniko cha jemu jikoni kwa mgonjwa, akakaa chini akalia nusu saa, mpaka mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepiga simu kuomba msaada. Daktari alimwambia wiki mbili mfululizo, mbali na nyumbani. Kazini wakampa tarehe tisa hadi ishirini na tatu, hizo tu. Tangu hapo kulikuwa na picha kwenye mlango wa friji: nyumba nyeupe kisiwani Tilos, huko Ugiriki, haina ngazi, viti viwili chini ya mzabibu. Kila asubuhi aliitazama wakati anafunga zipu ya koti.

Alifungua bahasha akasoma.

"Jumatano? Gerben, tulisema Jumamosi, shule ikishafungwa."

"Jumamosi ni mara tatu ya bei. Mara tatu! Nyumba ile ile, bahari ile ile."

"Na Fenna?"

"Tutasema anaumwa. Siku tatu za mwisho wanafanya nini pale shuleni? Wanafuta meza."

Fenna alikuwa mlangoni. Ana miaka kumi na miwili, darasa la nane, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, na kichwani alivaa kofia ya nahodha iliyotengenezwa kwa kadibodi.

"Alhamisi ndiyo onyesho letu, Baba," alisema. "Nimeshawawekea viti mstari wa mbele."

Hakuna aliyegusa kahawa yake tena. Kila darasa la nane nchini humaliza mwaka kwa igizo la nyimbo, wazazi wakilia machozi ukumbini, na Gerben alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Tangu mwezi wa nne binti yake alikuwa anatembea nyumba nzima akiamrisha mabaharia. Mistari arobaini na mmoja. Gerben alikuwa ameisikia yote kupitia ukuta wa bafu, na wala hakujiuliza itasemwa lini jukwaani.

"Ungeniuliza," Tjitske alisema. "Neno moja tu."

"Nilitaka nikufurahishe."

"Haya, umenifurahisha."

Siku tatu nyumba ilikuwa kama imejaa gesi, kila mtu anaogopa kuwasha kiberiti. Walipitishiana mkate na siagi kwa adabu za wageni. Fenna aliacha kufanya mazoezi. Tjitske aliigeuza picha ya friji, ikatazama mlango wenyewe, na Gerben akaogopa zaidi kuliko kama angemtukana. Mke wake alikuwa amekonda mashavu. Zile wiki mbili zisipopatikana, hakujua mwaka utaishaje.

Siku ya nne, Alhamisi, aliacha kazi saa nane mchana, akaenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu mkuu, Sybren Postma, alikuwa anapanga viti.

"Mwalimu, nina shida. Onyesho lisogezwe Jumanne."

Sybren alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Bwana Dijkema, wazazi hamsini na ukumbi wa kukodi. Kwa nini?"

Gerben alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo. Akalisema lilivyo: tiketi, Jumatano, kisiwa, mkewe. Hakuficha hata mpango wa kuugua.

Mwalimu mkuu aliweka kiti chini polepole. "Ungenyamaza, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumatano Fenna asipokuja, ningeandika mgonjwa, yameisha. Sasa umeniambia kwa mdomo wako. Asipokuja, sharti nimripoti kwa afisa wa mahudhurio. Faini kwa kila siku, na mke wako anahojiwa pamoja na wewe. Hali aliyo nayo, unataka ahojiwe?"

"Si unaweza kusahau?"

"Wewe ungesahau paa linalovuja kwa sababu mwenye nyumba ni rafiki yako?"

Alipofika nyumbani alikuta picha imegeuzwa upande wake wa kawaida. Tjitske alikuwa amekaa karibu na Fenna, mkono begani mwake. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu.

"Tumeongea," Tjitske alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne alimtazama mumewe usoni. "Fenna amekubali kuja. Jelmer wa darasani kwao anaijua mistari yake, Fenna atamwachia kofia. Mwenyewe amesema, sikumlazimisha."

"Kwa ajili ya Mama," Fenna alisema, akiitazama meza.

Gerben alibaki amesimama na koti lake. "Nimetoka shuleni," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kumwomba Sybren asogeze siku. Amekataa."

"Ulimwambia sababu?"

"Nilimwambia."

"Yote?"

"Yote. Sasa Fenna akikosa, anaripoti. Tutahojiwa, wewe na mimi."

Tjitske aliutoa mkono wake begani mwa mtoto. "Mwaka mzima naomba unishirikishe unachofikiria, husemi kitu. Leo, siku moja ya kufunga mdomo, ndiyo ukaufungua!"

Gerben alimtazama Fenna, na Tjitske naye akamtazama, na wote wawili wakaona kitu kile kile. Mtoto alijitahidi kukificha lakini uso ulikuwa umemkunjuka, mabega yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Kwa hiyo nacheza?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Tjitske aliitazama kwanza picha ya friji.

"Unacheza," Tjitske alisema. "Baba yako anabaki na wewe, mtanifuata shule ikishafungwa. Mimi nakwenda."

"Peke yako?" Gerben aliuliza. "Na Alhamisi?"

"Nikikosa ndege hii, Gerben, sitakwenda kabisa. Najijua." Alifuta macho kwa kiganja. "Nisamehe, mwanangu."

"Nenda, Mama," Fenna alisema.

Jumatano iliyofuata Gerben alimpeleka mkewe uwanja wa ndege. Njiani waliongea habari za mafuta ya gari. Mlangoni Tjitske alisema, "Nirekodie japo kidogo," na Gerben akasema ndiyo, ingawa barua ya shule ilishasema hakuna kurekodi watoto.

Alhamisi alikaa mstari wa mbele, viatu safi, kiti kitupu upande wa kushoto. Fenna hakukosea hata neno. Kila alipomaliza wimbo macho yake yalikwenda kwenye kile kiti kwanza, kisha kwa baba yake.

Ndege za Jumamosi zilikuwa zimejaa. Waliipata ya Jumanne, na meli ya kuwafikisha Tilos iliondoka kesho yake. Tjitske aliwapokea bandarini, amekolea jua, mashavu yamerudi. Alisema amelala, amelala tu. Jioni, chini ya mzabibu, alimwomba Fenna amchezee nahodha.

"Imeshaisha, Mama," Fenna alisema bila hasira, akaendelea kumenya chungwa.

Tiketi mbili za kwenda zilitupwa, na mbili mpya zikanunuliwa kwa mara tatu ya bei. Kati ya siku kumi na tano walikaa pamoja nane. Mistari ilikuwa arobaini na mmoja, na mama yake Fenna hakusikia hata mmoja ukisemwa jukwaani.